Kulichora Hekalu Bila Kuabudu

Wachoraji Thomas Daniell na William, mtoto wa nduguye, walifika Calcutta mwaka 1786. Kwa miaka saba hivi waliizunguka India wakichora mahekalu, mapango na miji ya ibada. Matunda ya safari hiyo ni chapa 144 za Oriental Scenery, zilizotoka London kati ya 1795 na 1808.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Walitumia kisanduku chenye lenzi kilichoangusha taswira ya jengo juu ya karatasi, penseli ikafuata mistari. Huko London bamba la shaba lilinyunyiziwa unga wa utomvu mkavu, likapashwa moto mpaka chembe zikaganda, kisha likatiwa asidi. Asidi ilikula shaba kati ya chembe na chembe. Vijishimo hivyo ndivyo vilivyoshika wino na kuleta kivuli cha mnara, ukungu wa mto na weusi wa mlango wa pango.

Uaminifu wa kazi hiyo kwa kilichoonekana si haba. Katika kitabu kilichochapwa Augsburg mwaka 1515, Jörg Breu, ambaye hakuwahi kukanyaga India, alimchora mungu wa Calicut kama shetani anayetafuna watu. Akina Daniell walikwenda, wakapima, wakachora walichokiona.

Lakini je, aliyelipima hekalu ameliona? Mhindu haendi hekaluni kutazama jengo. Huenda kumwona mungu wake na, zaidi ya hapo, kuonwa naye. Sanamu hukaa ndani kabisa, katika chumba kidogo chenye giza, na katika mahekalu mengi asiye Mhindu hafiki hapo. Kwa hiyo mchoraji mgeni alibaki na minara, malango na mikuyu mikubwa, yaani nje ya jambo lenyewe. Hilo halimfanyi mwongo. Ukweli wa nje nao ni ukweli, mradi usijidai kuwa wote.

Mchoraji mwingine mgeni, William Hodges, aliyekuwa India kati ya 1780 na 1783, alilifikiria kwa upana suala la mgeni kupima majengo ya wengine. Katika andiko lake la 1787 alipinga kuufanya ujenzi wa Wagiriki kuwa kipimo cha ujenzi wa mataifa yote. Kwa zama zake, huo ulikuwa ujasiri.

Kosa zito liko kwingine. Wanunuzi wa Uingereza walipenda magofu: jiwe lililopasuka, mti uliootea ukutani, mtu mmoja mdogo pembeni. Mtindo huo ukihamishiwa India, imani iliyo hai huonekana kama kumbukumbu ya watu waliokwisha kupita. Ndiyo maana chapa ya akina Daniell ya Dashashwamedh, huko Varanasi, ina uzito kuliko michoro mingi ya mapango matupu: imeonyesha ngazi, mahekalu na watu kando ya Ganga, mahali ambapo waumini hukusanyika kwa ibada ya taa kila jioni hata leo.