Benchi la Mwembe Mbichi

Mjomba alianguka siku ya arobaini ya bibi. Dua ilikuwa imekwisha, sinia za pilau zimeanza kutoka jikoni, na wazee wanne walikuwa wameketi kwenye benchi langu chini ya mfenesi. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama wa muwa unaovunjwa gotini. Mguu wa kushoto ukalala, ubao ukafuata. Watatu waliwahi kusimama. Mjomba alikuwa ukingoni, akatua kwa mkono wa kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Watu walipokuwa wanamwinua mimi nilibaki natazama benchi. Mguu haukuwa umekatika. Haukuwa na ufa. Ulikuwa umechomoka mzima, na misumari minne ya inchi nne ilibaki imening'inia kwenye ubao wa kukalia, imenyooka vilevile kama nilivyoipigilia Desemba. Ilikuwa imetoka kwenye mti bila kung'ang'ania. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kuvunjika kwenyewe, kwa sababu mti uliooza ningeuelewa, na msumari uliopinda ningeuelewa pia.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto sayansi hapa Kerenge, chini ya milima ya Usambara, na kwa miaka mingi niliamini kwamba useremala ni kupima, kukata na kupigilia. Mambo hayo nayajua. Kwa hiyo mvua za vuli zilipoangusha mwembe mkubwa nyuma ya nyumba ya mama, mwembe ambao tumekulia chini yake, niliona ni makosa kuuacha uwe kuni. Nikamwita kijana mwenye chensoo. Akaupasua siku mbili: mbao za inchi 1 kwa 12 za kukalia na za juu ya meza, na 2 kwa 3 za miguu. Shina lilitoa maji. Vumbi la msumeno halikupeperuka, lilidondoka chini kama machicha ya nazi. Mama alisema, "Mwanangu, mbona zinalia?" Nikamjibu kwamba zitakauka zikiwa zimeshakuwa meza.

Jibu hilo nimelirudia moyoni mara nyingi tangu siku ile.

Niliazima randa na msumeno wa mkono, nikanunua msasa, gundi na misumari. Mbao mbichi ni laini, patasi inazama vizuri, msumari unaingia kwa mapigo matatu bila kupasua ubao, na anayeanza hudhani ulaini huo ni ustadi wake. Ndani ya wiki tatu nilikuwa na benchi moja, meza ya kulia chakula na rafu ya vitabu. Niliunganisha mbao tatu za juu ya meza zikabanana hata wembe usipite. Majirani walikuja kuona. Nilijisikia mtu kamili, na sisemi hivyo kwa kujilaumu. Furaha ya kuketi kwenye kitu ulichokiunda kwa mkono wako ni furaha ya kweli, na natamani kila mtu aipate.

Januari jua likawaka. Usiku tulianza kusikia meza ikitoa milio midogo, *tak*, kisha kimya, kisha *tak* tena. Asubuhi moja niliona mwanga kati ya mbao. Mwisho wa Februari kidole changu cha shahada kilipita kwenye nafasi ile. Nikafanya anachofanya kila mwanafunzi asiye na mwalimu: nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikaziba mianya yote, nikapiga msasa na vanishi. Meza ikarudi kuwa nzuri. Masika ilipofika Machi, na bonde zima likajaa unyevu, mbao zilitaka kurudi kwenye upana wake na zikakuta nafasi imejaa. Zikasukumana. Ubao wa katikati ukainuka kama mgongo wa kobe na kung'oa misumari ya upande mmoja. Rafu nayo ilikuwa imeanza kumwaga vumbi jeupe, laini kama sembe, kutoka kwenye vitundu visivyozidi kichwa cha pini. Mti mbichi wa mwembe una wanga mwingi, na wadudu wabunguaji wanaujua kuliko sisi.

Benchi peke yake lilionekana zima. Ndiyo maana lilitolewa nje siku ya arobaini, mwezi wa Julai.

Baada ya mjomba kufungwa plasta, nilichukua ule mguu nikaenda nao kwa fundi seremala mmoja wa pale barabarani, mzee ambaye nilikuwa nikipita mbele ya banda lake kila siku bila kumwuliza neno. Nilimwamkia. Akapokea mguu, hakuuangalia. Aliuweka shavuni, akafumba macho kidogo.

"Mwalimu, huu sasa ndio unakaribia kukauka. Uliupigilia lini?"

"Desemba, fundi."

"Basi ulipigilia maji."

Akanieleza, na nilipofika nyumbani nilitafuta vitabu nikaona kwamba maneno yake na ya wataalamu ni mamoja. Mti uliosimama una maji ya aina mbili. Kuna maji yaliyojaa ndani ya mirija yake, kama maji ndani ya mrija wa mpapai. Hayo yakitoka, mti hupungua uzito tu. Kuna maji mengine yaliyoshikamana na kuta zenyewe za mirija. Hayo yanapoanza kutoka, unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, ndipo kuta zinapokonda na ubao unasinyaa. Hausinyai sawa kila upande. Kwa urefu hupungua kiasi kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia. Kwa upana, ukifuata mzunguko wa pete za mti, miti mingi hupungua kati ya asilimia 5 na 10 ikikauka kabisa. Ukielekea kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, hupungua karibu nusu ya hiyo. Tofauti hii ya pande mbili ndiyo inayopinda ubao. Ubao wangu wa inchi 12 ulikuwa na sentimita 30. Kwa asilimia 5 tu, unapoteza sentimita moja na nusu, na meza yangu ilikuwa na mbao tatu.

Kuhusu misumari, msumari unapoingia kwenye mti mbichi, nyuzi zilizovimba huubana. Nyuzi zinapokauka, ule mbano unalegea, na msumari unaweza kupoteza hadi robo tatu ya nguvu yake ya kushika. Mimi nilikuwa nimeongeza kosa la pili juu ya hilo: nilipigilia kutoka juu ya ubao kuingia kichwani mwa mguu, mahali ambapo nyuzi zimesimama wima na msumari unapita kati yake badala ya kuzikata. Hata mti mkavu haushiki vizuri hapo. Wazee wanne wakakaa, mmoja akageuka kupokea sinia, mguu ukasukumwa kando.

Nilimwuliza fundi kwa nini hakuniambia, maana aliniona nikipita na mkokoteni wa mbao zinazotiririka maji. Alinijibu kwa upole, "Hukusimama, mwalimu." Hakuna jibu lililowahi kuniingia kama hilo. Vijana wanaopitia vyuo vya ufundi vya VETA hufundishwa habari za unyevu wa mbao mapema. Sisi tunaojifundisha wenyewe nyumbani hatuna anayetushika mkono, na aibu ya kuuliza hutufanya tununue gundi zaidi.

Kwa hiyo naandika kama ninayesimama barabarani kwa niaba ya fundi. Ikiwa unataka kuunda kiti au meza yako ya kwanza na una mti umeanguka shambani, kwanza uliza habari za kibali. Mbao zinaposafirishwa zinahitaji hati, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haina msamaha kwa anayesema hakujua. Ofisa misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) watakueleza kinachohitajika kwa mti wako. Kisha pasua mbao zako na usizifanye kitu.

Kutozifanya kitu ndiyo kazi yenyewe. Weka matofali chini, sentimita 30 kutoka ardhini ili mchwa wasipande bila kuonekana. Juu ya matofali weka fito kavu zenye unene mmoja, umbali wa nusu mita hivi, kisha safu ya mbao, fito tena, mbao tena, na kila fito ikae wima juu ya ile ya chini yake. Mimi mara ya kwanza kukausha mbao nilipanga fito ovyo, na kila ubao ukapinda kati ya fito mbili kama kamba ya kuanikia nguo. Paka rangi ya mafuta kwenye vichwa vya mbao, kwa sababu maji hutoka vichwani mara kumi au zaidi ya yanavyotoka ubavuni, na kichwa kinachokauka mapema kuliko tumbo hupasuka. Weka kivuli juu, bati au makuti, na uache upepo upite pande zote. Usianike juani. Nimewaona watu wengi wakianika mbao juani kama mihogo, wakiamini wanawahi. Wanachowahi ni nyufa. Juu kabisa weka mawe.

Muda gani? Kanuni ya zamani ya mafundi wa Ulaya ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwetu joto husaidia, lakini masika huturudisha nyuma, na sipendi kumpa mtu idadi ya miezi kwa sababu ataishikilia hiyo na kusahau mbao. Fundi alinifundisha kupima. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, mbali na kichwa, kipake rangi vichwani nacho, kiweke ndani ya rundo lilelile, na kila Jumamosi kipeleke kwenye mizani ya duka. Andika. Kitapungua kwa kasi, kisha polepole, kisha kitasimama. Kikisimama wiki nne mfululizo wakati wa kiangazi, ubao umepatana na hewa ya kwenu. Mbao zinazokaa ndani ya nyumba katika hewa ya Tanga, yenye unyevu wa bahari, hutulia kwenye unyevu wa asilimia 12 hadi 15 hivi. Hazitakauka kuzidi hapo, na hazihitaji.

Hata hapo mti haujafa. Utavimba kila masika na kusinyaa kila kiangazi kwa maisha yake yote, na fundi anayejua huupa nafasi. Uso wa meza haupigiliwi kwenye fremu. Hushikwa kwa vibao vidogo vyenye ulimi unaoingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya fremu, ili upana ujongee bila kuvuta mguu. Mlango wa kabati huundwa kwa fremu yenye mfereji, na ubao wa katikati hukaa ndani yake bila gundi. Mguu wa benchi huchongwa ulimi ukaingia kwenye tundu la ubao wa kukalia. Fundi huhakikisha ulimi ni mkavu kabisa na ubao wa kukalia una unyevu kidogo zaidi, ili tundu linaposinyaa liukumbatie ulimi. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Kitu kilekile kilichomwangusha mjomba, huyu mzee anakitumia kama kamba ya kufungia.

Kuna mti bora kuliko mwembe. Msaji unaopandwa Longuza, kule Muheza kwa jirani zetu, husinyaa kidogo kuliko miti mingi na mchwa hawaupendi; ndiyo sababu bei yake iko juu. Mfenesi una kiini cha njano kinachodumu, na tunao majumbani. Lakini siwezi kumwambia anayeanza kwamba kosa langu lilikuwa mti. Mwembe ule ungekaa mwaka na zaidi kwenye fito, wadudu wale wakadhibitiwa kwa dawa mapema, ungekuwa benchi la kukalia wajukuu.

Mkono wa mjomba ulipona, lakini haukunyooka kama zamani. Hawezi kukamua nazi kwa mkono ule, na mtu aliyezoea kujikamulia tui lake mwenyewe akishindwa, hilo si jambo dogo. Hajawahi kunilaumu. Mara moja tu alisema benchi lilikuwa zuri, na hapo nilitoka nje.

Mfenesi ule uliokuwa unatutia kivuli siku ya arobaini ulikuwa na tawi kubwa lililokufa upande wa bonde. Tulilikata mwaka jana kwa ruhusa ya mama, tukalipasua, na sasa mbao zake ziko nyuma ya nyumba juu ya matofali, tarehe imeandikwa kwa chaki kwenye kila kichwa. Kipande cha kupimia kilianza kikiwa gramu 870. Jumamosi iliyopita mwenye duka alisoma 590, na wiki moja kabla ya hapo ilikuwa 594. Mjomba hupita jioni akitoka msikitini, huweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya rundo na kukiacha hapo kidogo.

"Mjomba, bado?"

"Bado, mjomba."

Huchukua mkeka, huutandika kando ya mbao, na tunakaa.