Nani Mwenye Hatia ya Damu ya Romeo na Juliet?



Baada ya mafundisho ya vijana, waliniuliza swali: Shemasi, katika habari ya Romeo na Juliet, ni nani aliyewaua wale wawili? Waliopita sekondari wanaujua mchezo huo wa Shakespeare, Mwingereza, uliochapwa mara ya kwanza mwaka 1597. Mjini Verona, Italia, jamaa ya Montague na jamaa ya Capulet zilichukiana sana, hata watumishi wao walipigana njiani. Romeo Montague akampenda Juliet Capulet, msichana asiyetimiza hata miaka 14. Wakaoana kwa siri, na mwisho wakajiua kaburini.

Wamama walijibu upesi: kosa ni la watoto wasiotii. Vijana wakasema ni la wazazi. Sikatai. Romeo alimuua Tybalt, binamu wa Juliet, kwa kulipa kisasi cha rafiki yake, ndipo akafukuzwa mjini. Naye mzee Capulet alimtisha binti yake kwamba atamtupa nje asipoolewa na Paris.

Lakini mimi namtazama mtu ambaye wengi wanamhurumia: Laurence, mtumishi wa Mungu. Ndiye aliyewafungisha ndoa, akitumaini kwamba ndoa hiyo itapatanisha jamaa zile mbili. Nia ilikuwa njema. Lakini ni upatanisho gani huo unaofichwa wale wanaopatanishwa? Siku Capulet alipopanga arusi ya Paris, Laurence alikuwa na neno moja la kusema: binti huyu ameolewa tayari, na mimi ndiye niliyewabariki. Wangemkasirikia, pengine wangempiga. Akanyamaza. Akampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti saa 42, akaandika barua kwa Romeo huko Mantua. Mjumbe akafungiwa nyumbani kwa kuogopa tauni, barua haikufika. Wengine wanasema ni bahati mbaya. Ndiyo, lakini nani aliweka uhai wa watu juu ya karatasi moja?

Tena Juliet alipoamka, mumewe amekufa karibu naye, Laurence alisikia walinzi wanakuja akakimbia, akamwacha msichana peke yake kaburini na kisu cha Romeo. Baadaye, mbele ya mtawala, alieleza yote bila kuficha. Kinywa kilifunguka maiti zikiwa zimelala chini! Nabii Nathani hakungoja hivyo. Alimwendea Daudi akamwambia usoni. Na someni Ezekieli 33:6, habari ya mlinzi aliyeona upanga unakuja asipige tarumbeta.

Nilipomaliza kuwaeleza vijana hayo, sikulala usiku ule. Kwa maana wapo wawili katika kanisa letu walioniletea siri yao, nami nikawaombea na kukaa kimya miezi mitatu, nikijiita mwenye busara. Wapapa wao hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba, nami niliwaogopa wote wawili.

Kulipokucha niliwaita vijana hao, nikawaambia siwezi tena kuficha. Msichana alilia, kisha akakubali. Nikamchukua mzee mmoja wa kanisa, tukaenda kwa papa yake. Alinitukana mbele ya majirani, akafunga mlango. Alhamisi tutarudi. Papa wa kijana amekubali kwenda pamoja nasi, ingawa amesema atabaki kwanza njiani.