Nani Aliyeiponya Ardhi?

Wasambaa wana maneno mawili ambayo wazee wao walimpimia mtawala: kuzifya shi, yaani kuiponya ardhi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua ikinyesha kwa wakati, Mkilindi, mtawala wao aliyekaa Vuga, alistahili ng'ombe na nguvukazi aliyoletewa. Njaa ikiingia, lawama ilikuwa yake. Alikula, ila kwa sharti.

Nayakumbuka maneno hayo kila nionapo mpima ardhi akisimika bikoni kwenye shamba la migomba pembezoni mwa mji wa Lushoto, huku kwetu Usambara. Jana lilikuwa shamba, likiuzwa kwa bei ya shamba. Mchoro wa mipango miji ukishasema hapa ni makazi, au hoteli, na kibali cha ujenzi kikawa kitu cha kupatikana, bei inapaa kabla ya tofali la kwanza. Mwenye shamba hakuongeza hata jembe moja. Kilichoongeza ni barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo, umeme, maji, wageni wanaokwenda kutazama bonde kutoka ukingo wa Irente, na muhuri wa halmashauri. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa yupo anayelia kivulini na jua hajaliona. Mara nyingi hata si mwenye shamba, ni yule aliyeuona mchoro mapema akanunua kwa bei ya migomba.

Mwalimu Nyerere aliliona hili. Mwaka 1958 alipinga umilikaji wa ardhi usio na masharti, na katika kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962 alimweka kabaila wa ardhi fungu moja na wanyonyaji, kwa kuwa hutajirika kwa thamani iliyoletwa na wengine. Mmarekani Henry George alikwishaandika mwaka 1879 kwamba thamani hiyo ndiyo itozwe kodi, si jasho la mtu.

Sisi tunafanyaje? Ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mwenye hati hulipa pango la ardhi kila mwaka. Lakini kodi ya majengo, tangu 2021, hukatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme wa mita. Aliyejenga anakatwa, kiwanja kitupu kinachosubiri bei ipande hakina mita. Naona tumeigeuza kodi kichwa chini: aliyejenga ndiye anayebanwa.

Hata hivyo, katika kuitoza kodi thamani hiyo sitaki pupa. Mjane ambaye mji umemfuata shambani hali thamani ya kwenye karatasi; deni lake la kodi lingoje siku atakayouza. Na ukadiriaji uwe wazi. Jirani zetu Wapare, mwaka 1945, waliandamana hadi Same kuipinga kodi ya mbiru. Kodi kama kodi walikuwa wakiilipa. Walichokataa ni kupimiwa mali kwa jicho la mkadiriaji. Halmashauri inayotaka sehemu ya bei mpya ibandike michoro na viwango ubaoni, kisha fedha ionekane kwenye mitaro na njia za miteremkoni. Mkilindi asiyeleta mvua hakuwa na hoja ya kudai ng'ombe.

Nawe mwenye kishamba cha babu karibu na mji: kabla hujapokea fedha ya dalali, nenda ofisi ya ardhi ukaulize mchoro unasemaje.