Mgonjwa na Picha za Nyota

Wako watu wasemao kwamba mgonjwa wa miaka mingi asianze kazi ndefu, maana mwili wake utamwacha njiani. Je, neno hilo ni kweli?

Henrietta Leavitt wa Marekani aliugua mara kwa mara, akapoteza pia uwezo wa kusikia. Kazi yake katika Chuo Kikuu cha Harvard ilikuwa kuchunguza picha za nyota, zilizopigwa kwenye vioo kule Peru. Picha ya namna hiyo haitaki haraka: kioo huachwa wazi kuelekea mbinguni kwa muda mrefu, kikikusanya kidogo kidogo mwanga hafifu ambao macho hayauoni.

Alipougua alikwenda kwao, na kazi ikasimama miezi mingi. Ugonjwa usisifiwe kwa lolote. Ulimnyang'anya siku zake. Lakini vioo vilimngoja. Wasemao asianze hupima kazi kwa siku zisizokatika, wala hawatazami kilichokusanyika.

Mwaka 1908 alitangaza nyota 1777 zinazobadilika mwanga. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25 za aina moja, kwamba yenye mwanga mwingi hubadilika polepole zaidi; kwa kanuni hiyo wataalamu wakapima umbali wa nyota.

Alifariki mwaka 1921, kazi ya vioo ikiwa bado mikononi mwake.