Mali bila daftari

Wafanyabiashara wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu nianze kuripoti kesi za kutwaa mali katika mahakama ya Milimani, Nairobi, nauona msemo huu ukigeuka kuwa sheria.

Sheria ya Kenya ya 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha inalipa Shirika la Kutwaa Mali, ARA, njia mbili. Ya kwanza husubiri mtu apatikane na hatia. Ya pili huishtaki mali yenyewe. ARA huenda Mahakama Kuu, mwenye mali bila habari, ikaomba nyumba, gari au akaunti izuiwe. Amri hiyo hudumu siku 90, na ndani ya muda huo ARA inatakiwa iombe mali itwaliwe kabisa. Haihitaji ushahidi mzito kama wa kesi ya jinai. Inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa kwamba mali ilitokana na uhalifu. Hata ukiachiliwa huru kwenye kesi ya jinai, nyumba bado inaweza kwenda.

Hilo peke yake halinisumbui. Ibara ya 40 ya Katiba inalinda mali, lakini inasema wazi kwamba iliyopatikana kinyume cha sheria haina ulinzi huo. Aliyekula pesa za dawa za hospitali ana mawakili wa kuvuta kesi miaka na miaka. Tukimngoja, atakuwa ameshauza kila kitu.

Kinachonisumbua ni lile swali analoulizwa mwenye mali akienda kupinga: ulipata wapi? Jibu linalosikika haraka ni karatasi: risiti, taarifa za benki, rekodi za kodi. Sasa mfikirie mama anayeuza mitumba Gikomba, akiba yake yote iko kwenye chama. Au mfugaji wa Garissa aliyeuza ng'ombe kwa pesa taslimu. Hawa wana majirani wanaojua jasho lao, ila karatasi hawana. Mwizi mkubwa ana kampuni, mikataba, ankara, hata mkaguzi wa hesabu. Kwani kutakatisha fedha ni nini, kama si kuipa pesa chafu karatasi safi?

Sheria ina mlango mdogo. Mahakama inaweza kulegeza amri ya kuzuia mali ikiwa inamnyima mtu riziki, na dhiki yake inazidi hatari ya mali kufichwa. Aliyeshindwa anaweza pia kwenda Mahakama ya Rufaa. Lakini akaunti ikiwa imefungwa, wakili atalipwa na nini? Na rufaa hupima yaliyosemwa kule chini; kuleta ushahidi mpya ni hadi uruhusiwe. Ambaye hakusikizwa vizuri mara ya kwanza anapanda ngazi mikono mitupu.

Kwa hivyo naona haki iko pale mwanzoni kabisa: mweka hazina wa chama na dalali wa mifugo wasikizwe kwa uzito uleule wa taarifa ya benki. Utaniambia mwizi naye ataleta mashahidi wa uongo. Ni kweli, ataleta. Lakini shahidi huulizwa maswali, akabanwa, akajikanyaga. Karatasi iliyotengenezwa vizuri haijikanyagi.