"Walishakufa Zamani": Je, Damu ya Watu wa Kale Haina Mwenyewe?



Ndugu zangu wanafunzi, kuna aina ya hadithi ambayo wengi wetu tunaipenda, tukiwa kwenye vyumba vya kupanga huku Area 49 au nyumbani Dzaleka wakati wa likizo. Kikosi cha jeshi kinapigwa na dhoruba ya ajabu, au kinaingia kwenye mashine ya wakati, na kinajikuta miaka elfu kumi nyuma. Askari wana bunduki, redio na risasi za kuhesabu. Mbele yao wamesimama watu waliovaa ngozi, mikononi wana mikuki ya mawe. Kuanzia hapo msomaji anajua kitakachotokea, na kusema kweli ndicho alichokifuata.

Sikuja kuharamisha riwaya wala filamu. Nina swali moja tu: kwa nini watu wale wanapoanguka hatuhisi kitu?

Mtu atasema, ni hadithi tu. Lakini filamu ikimuua mbwa tunanuna mpaka usingizi unatupitia. Nadhani sababu ni nyingine. Moyoni tunajiambia kwamba watu hawa walishakufa zamani. Mtu wa zama za mawe ni marehemu kabla askari hajavuta kifyatulio, kwa hiyo risasi haimpunguzii kitu. Angalieni hofu ya hadithi hizi inaelekea wapi. Ray Bradbury aliandika mwaka 1952 juu ya wawindaji wanaorudi nyuma kumpiga dainosari, na balaa lote linatokana na kipepeo mmoja aliyekanyagwa, kwa sababu waliporudi walikuta dunia yao wenyewe imebadilika. Kipepeo ana uzito kwa ajili yetu, si kwa ajili yake. Vivyo hivyo kwa mtu wa pangoni: akiuawa, wasiwasi ni kwamba huenda alikuwa babu yetu. Kama hakuwa babu wa mtu, basi yaishe.

Wanafunzi wa elimu ya dini watagundua kwamba udhuru huu si mpya. Wanazuoni wa itikadi waliuchambua karne nyingi zilizopita, pasipo mashine yoyote. Walijiuliza: mtu aliyeuawa, je, amekufa kwa ajali yake? Nasema ajali kwa maana yake ya asili, yaani muda alioandikiwa, si ya minibasi kupinduka. Baadhi ya Muutazila walisema muuaji amemkatia muda wake. Ash'ari na wenzake wakasema hapana, kila anayekufa, hata aliyeuawa, amefikia muda wake. Lakini wao hao hawakumwachia muuaji hata kidogo. Siku ya mtu kufika ni elimu ya Mwenyezi Mungu. Kisu ni tendo lako. Huwezi kuiazima elimu ya Mola wako ukaifanya kinga ya mkono wako.

Askari wa hadithi yetu anafanya hilo hasa. Amesoma vitabu, anajua watu wale "watakufa tu", basi anajipa mamlaka yasiyo yake. Kwa hoja hiyo hata mimi na wewe ni halali ya mtu atakayekuja kutoka mwaka 3000, maana kwake sisi ni mifupa.

Tena dini yetu haikuanza habari ya mauaji kwenye vita vya majeshi. Ilianza kwa watoto wawili wa Adam, katika Suratul-Maida. Hapo hapakuwa na serikali, mahakama wala kaburi hata moja duniani, kiasi kwamba muuaji alifundishwa kuzika na kunguru. Ni mbali katika wakati kuliko riwaya yoyote inavyoweza kutupeleka. Na ni baada ya kisa hicho ndipo inatajwa hukumu kwamba anayeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote. Sioni kipengele kinachosema hukumu inapungua kadiri miaka inavyozidi.

Mtu anaweza kuleta hoja ya ahlul-fatra, watu ambao ujumbe wa Mtume haukuwafikia. Lakini suala hilo linahusu hesabu yao mbele ya Mola wao. Halisemi lolote juu ya ruhusa yako. Hoja ya dharura ina nguvu zaidi: askari wamepotea, wana njaa, wameshambuliwa usiku. Hapo fiqhi ina maneno. Anayekushambulia unamzuia, kwa kiasi kinachotosha kumzuia. Mwenye njaa anakula nyamafu. Ila dharura haikupi roho ya asiye na kosa ili wewe ubaki, na riwaya nyingi zinavuka mpaka huu kabla ya ukurasa wa hamsini.

Msidhani mambo haya yanahitaji mashine. Nendeni Karonga. Ndiko lilikopatikana taya la Uraha mwaka 1991, linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 2.4 hivi (mjadala wa taya lile na Adam tuuache kwa toleo jingine). Karonga hiyo hiyo, mwezi Oktoba 1887, wapiganaji wa mfanyabiashara Mlozi, wenye bunduki, waliwavamia Wangonde wenye mikuki. Wangonde wakakimbilia matete ya ziwa dogo la Kambwe. Matete yakachomwa moto. Waliotoka walipigwa, wengine wakaliwa na mamba. Habari zimetufikia hasa kwa kalamu za watumishi wa kampuni ya Waingereza waliokuja kupigana naye, kwa hiyo tuzisome kwa uangalifu, lakini kiini chake hakina ubishi. Mlozi aliongea Kiswahili na alikuwa Mwislamu. Ndiyo, wa kwetu. Mwaka 1895 Waingereza walimjia na silaha kubwa kuliko zake, wakamnyonga. Kila mmoja alikuwa mtu wa kesho mbele ya yule aliyemkuta.

Wala watu wa kale hawakuwa malaika. Kule Nataruk, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, watafiti waligundua mwaka 2012 mabaki ya watu 27 wa miaka kama 10,000 iliyopita. Taarifa yao ya mwaka 2016 inaeleza mafuvu yaliyopasuliwa, ncha za mawe zilizobaki kwenye mifupa, na mwanamke mwenye mimba kubwa ambaye huenda alifungwa mikono. Wapo wataalamu waliopinga baadhi ya majeraha. Mimi niliposoma habari ya yule mwanamke niliifunga kompyuta. Alishakufa zamani, sivyo?

Dzaleka wengi wetu tumetoka Kivu, Burundi, Rwanda. Hadithi ya wageni wenye bunduki wanaotokea ghafla msituni tunaijua, ila kwa upande wa kijiji. Na bado kwetu "Mtwa" ni tusi, jina la mtu aliyebaki nyuma ya wakati. Wabatwa walipoondolewa msituni Kahuzi-Biega miaka ya 1970, wangapi kati ya wazee wetu walipaza sauti?

Hapa Malawi watu wa namna hiyo waliitwa Akafula. Michoro yao myekundu ipo bado kwenye miamba ya Chongoni, Dedza. Wao wenyewe hawapo. Wenyeji wanasimulia kwamba walikuwa wafupi, na ukikutana na mmoja wao alikuuliza kwanza: mwandionera pati, umeniona kuanzia wapi? Ukijibu kwamba umemwona sasa hivi, hapa karibu, anakasirika. Alitaka umwambie ulimwona tangu mbali, ukiwa bado mlimani.