Asili ya Neno na Cheo cha Mtu



Miaka yote niliyofundisha chuo cha ualimu nilipenda kuwaambia wanafunzi kwamba maneno yana ukoo, kama watu. Leo natazama maneno mawili ya Kiingereza yanayokwenda pamoja: "minister" na "master".

Katika Kilatini, "minus" maana yake ni pungufu, na "magis" ni zaidi. Kwenye "minus" likatokea "minister", yaani mtumishi, aliye chini. Kwenye "magis" likatokea "magister", yaani mkuu, tena mwalimu. Waingereza wakalifanya "master". Jerome, aliyepewa mwaka 382 kazi ya kusahihisha Injili za Kilatini, aliandika "minister" katika Mathayo 20:26, pale Bwana wetu anapofundisha kwamba ukubwa ni utumishi.

Baadaye neno hilo liliingia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa. Wafalme wakawaita hivyo watumishi wao wa serikali. Na kwa kuwa mtumishi wa mfalme huogopwa, mdogo akageuka mkubwa. Kwa Kiswahili wa serikali ni waziri, wa kanisani ni mhudumu. Kiingereza kimewaacha wote wawili chini ya jina moja.

Je, asili ya neno yamfunga mwenye cheo? Wako wasemao hapana: maneno hubadilika, na maana ni ile itumikayo leo. Ni kweli, wala hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutojua Kilatini. Lakini mimi naona kwamba asili ya neno, ingawa haiamuru, yaweza kutukumbusha.

Nami nilihitaji kukumbushwa. Siku moja mwanachuo alinyosha mkono, akanionyesha kosa nililoandika ubaoni. Nilimwambia kwa ukali akae, na baada ya kipindi nikalifuta kosa lile kimya kimya. Siku ile nilikuwa "magister" kamili, mwenye "zaidi". Lakini mwalimu hupewa "zaidi" hiyo ili aigawe, mpaka mwanafunzi amfikie, hata ampite. Mimi niliishika kama mali yangu. Sikumwomba radhi kijana yule, nami najuta hadi leo.

Basi, sisi tuliopewa cheo, kiwe cha nyumbani, cha shuleni au cha kanisani, na tujiulize: hiyo "zaidi" yetu yamfaa nani?